Aliyejibu Kitendawili cha Nala

Jibu la kitendawili kile walikuwa wanalijua watu watatu tu duniani. Baada yao ni mimi na darasa langu, na sisi tuliambiwa nusu.

Sasa Jumatano moja jioni nimekaa zangu kwenye treni, natoka kazini, simu ikalia. Mtu asiye na picha wala jina la kueleweka kaandika jibu kwenye ukurasa wangu wa darasa.

Sahihi kabisa. Tena sahihi kuliko nilivyolijua mimi mwenyewe.

Nilifurahi, jamani. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Nilifurahi kama mjinga.

Ngoja nianzie mwanzo.

Naitwa Gratien. Ni Mrundi, ila utoto wangu wote uliishia kambini Kigoma, ndiyo maana nikiongea mnasikia vumbi la kule. Hapa Stockholm nina mwaka wa kumi na nne. Kazi yangu ni kufundisha Kiswahili watoto wa watu wetu, wale waliozaliwa huku, ambao ukimwambia njoo anakuja huku anakujibu kwa Kiswidi.

Sina darasa la kudumu. Mimi ni mwalimu wa kuzunguka. Jumatatu niko Skärholmen, Alhamisi niko shule moja upande wa Vällingby, mkoba mgongoni, chupa ya chai mkononi. Tunafundishia chumba chochote kitakachobaki wazi. Kuna muhula tulisomea kwenye chumba cha ushonaji, katikati ya vyerehani.

Sheria ya kazi yetu ni moja: watoto wakiwa chini ya watano, somo linafutwa. Vällingby nilikuwa nao sita. Kila mwanzo wa muhula nahesabu majina mara mbili.

Ndiyo nikapata wazo la ukurasa. Wazazi wengi hata hawajui kwamba mtoto ana haki ya somo hili. Nikasema niwaonyeshe watoto wanavyochangamka, watu waone, waandikishe wa kwao.

Na sikukurupuka, jamani. Mwanzoni mwa muhula tuliitwa walimu wote kwenye semina ya nusu siku: mwalimu na mitandao. Kahawa, mikate ya mdalasini, na karatasi ya maagizo. Usitumie akaunti yako binafsi. Nyuso za watoto zisionekane, majina yasitajwe. Mwonyeshe mkuu wa shule kabla ya kuposti. Na wafuasi wako uwajibu haraka, kwa upole.

Ile karatasi niliibandika kwenye friji. Mke wangu Bella alinicheka wiki nzima. Kila nikifungua friji anauliza, "Vipi mwalimu, maziwa nayo umeyaombea ruhusa?"

Mwezi wa kwanza nilipiga picha mikono tu. Mikono inaandika, mikono inakata karatasi. Laiki kumi na moja, saba kati ya hizo ndugu zangu. Nikaona huku nako hakuna maisha.

Sasa nimlete Nala.

Alikuwa na miaka tisa. Kimya kwa hesabu, kimya kwa kila kitu, lakini ukimpa hadithi, asikwambie mtu. Sauti yake nzito kidogo, na herufi s anaitoa na upepo kwa sababu ya pengo la meno mawili ya mbele. Ukiisikia mara moja huisahau.

Mama yake, Belyse, alikuwa mwanamke wa maneno machache. Mrundi mwenzangu, lakini nilipomuuliza wa wapi, wa ukoo gani, kama tunavyoulizana sote tukikutana ugenini, alitabasamu tu akaangalia saa. Nikasema haya, Ulaya imemharibu.

Kwenye fomu ya ruhusa aliandika HAPANA. Akanifuata mpaka mlangoni.

"Mwalimu, mtoto wangu picha hapana. Unasikia?"

"Nimesikia mama Nala. Uso wake hautaonekana popote."

"Asante sana, mwalimu."

Hakuniambia kwa nini. Na shule haikuniambia. Kwenye orodha yangu pembeni ya jina lake palikuwa na alama ndogo tu, maana yake hana ruhusa ya picha. Nikajua ni mambo ya dini au ya wivu. Wazazi wa namna hiyo wapo wengi.

Alhamisi hiyo tulikuwa na vitendawili.

Nikaweka simu mezani, kamera ikatazama dari. Nakuapia, dari! Taa mbili na kipande cha pazia. Nikajisemea leo narekodi sauti za darasa tu, hakuna uso, hakuna mkono, hakuna jina. Nikajiona bonge la mtaalamu.

Zamu ya Nala ikafika. Akasimama.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Bibi ana mguu mmoja. Alikuja na ndege. Huku amekatazwa kusema, sasa analala chini ya kitanda changu."

Darasa likalipuka. Fagio! Mwavuli! Gitaa! Mmoja akasema ni mzimu, wakacheka mpaka nikapiga meza.

Walishindwa. Na nyinyi mnajua utaratibu wetu, ukishindwa unatoa mji. Nala akaweka mikono kiunoni, sauti ikapanda.

"Nipeni mji!"

"Paris!"

"Sijafika."

"Nairobi!"

"Sijafika. Nipeni mji ambao nimefika."

Yassir, mtundu wangu wa dawati la mbele, akapiga kelele, "Rissne!" Ni kitongoji cha hapa hapa Stockholm.

"Rissne nimepokea!" akasema Nala. Na hapo akafanya vile nilivyomfundisha mimi kwa mdomo wangu. Niliwaambia ukipewa mji usiupite mbio. Tembea ndani yake, ueleze uliyoyaona, msikilizaji apate hamu.

Akatembea.

"Nilikwenda Rissne. Nikashuka kwenye kituo chenye ukuta umeandikwa historia ya dunia nzima. Nikapanda juu, nikapita duka la maua, nikasalimia paka wa dirishani. Nikaingia mlango wa kijani, nikapanda lifti mpaka tano, nikala wali na maharage, watu wa Rissne wakanipenda sana."

Darasa likapiga makofi. Nami nikapiga. Machozi yalinilenga, nisiseme uongo, kwa sababu miaka miwili nyuma mtoto huyu alikuwa hawezi kuniamkia.

Kisha akatoa jibu. "Mchi wa bibi yangu!"

Akaeleza kwamba bibi yake aliwaletea mchi na kinu kwa ajili ya kutwanga sombe, yaani kisamvu, jirani wa chini akalalamika kelele, mchi ukaishia chini ya kitanda. Tukacheka sana.

Jioni nikakata video. Jibu nikalitoa kwa makusudi, maana semina ilisema wape watu sababu ya kurudi. Nikaandika: "Nani atapata? Jibu wiki ijayo!"

Asubuhi nikampelekea Mikael, mkuu wa shule. Mswidi, mtu mwema, hajui hata "habari". Akaitazama ile dari sekunde hamsini, akasikiliza watoto wanacheka, akaweka dole gumba.

"Vizuri sana, Gratien. Hii ndiyo namna ya kufanya."

Nikaposti Ijumaa.

Weee! Jumapili ilikuwa imefika watu elfu tisa. Jumanne elfu arobaini. Watu wa Nairobi, Bukavu, Lyon, wote wanabahatisha. Kurasa za watu wetu wa Ulaya zikaichukua. Dada yangu kutoka Kigoma akanirushia video yangu mwenyewe: "Kaka, ona watoto hawa wanavyotisha!" Wazazi wawili wapya waliniandikia wanataka kuandikisha. Nikahesabu: nane! Muhula ujao ninao nane!

Ndiyo ikafika ile Jumatano kwenye treni.

Komenti ilisema hivi: "Mchi wa Elvire."

Nikaruka kwenye kiti. Mchi! Katika watu wote hao! Hilo jina Elvire sikulielewa, nikadhani ndiye anayeandika, labda kaweka saini. Nikakumbuka friji yangu. Haraka, kwa upole.

Nikajibu: "Hongera sana! Umepata! Wewe ni kiboko, umejuaje?"

Nikaweka na makofi matatu.

Hakujibu.

Kesho yake Alhamisi, saa tisa alasiri, naingia darasani na habari yangu mdomoni.

"Nala! Kitendawili chako kimejibiwa!"

Akainua macho. "Haiwezekani."

"Mtu kaandika mchi. Mchi wa Elvire."

Yule mtoto hakulia. Alianza kukusanya penseli zake moja moja, anazitia kwenye mfuko, anafunga zipu, anafungua, anafunga tena. Akaongea kwa Kiswidi, kidogo kidogo, hata nikainama kumsikia.

Alisema Elvire ni bibi yake. Mama wa baba yake. Kile kitendawili alikitunga na baba, zamani, walipokuwa wanakaa pamoja. Mwenye kujua ni yeye, mama, na baba.

"Na baba hatakiwi kujua tuko wapi," akasema.

Jamani, kuna baridi ya nje na kuna baridi nyingine.

Nikawapa watoto wengine karatasi wachore chochote. Nikatoka koridoni nikaifuta video. Ikafutika. Nikashusha pumzi.

Halafu nikakumbuka zile kurasa nyingine.

Ya kwanza ilikuwa nayo. Ya pili nayo. Nikampigia mwenye ukurasa mmoja, kijana wa Kikenya, mchangamfu.

"Ndugu yangu, nakuomba uitoe ile video."

"Kwani shida iko wapi, mwalimu? Watu wanaipenda!"

"Itoe tu, nakuomba."

"Si uniambie sababu?"

Na sababu ndiyo nisiyoweza kuitamka. Nikimwambia kuna mtoto amefichwa, kesho anaandika kuna mtoto amefichwa. Nikarudia tu kumwomba. Akasema ataangalia akitoka kazini.

Nikamwandikia dada yangu Kigoma afute. Akajibu amefuta, ila kaka, nilishaituma kwenye lile kundi la kanisa.

Belyse alikuja saa kumi, bado na sare ya kazi. Nikamvuta pembeni nikamweleza yote. Nilitarajia anipige. Ningefurahi kama angenipiga.

Aliuliza maswali matatu tu.

"Uso ulionekana?"

"Hapana. Dari tu, mama Nala. Nilikuahidi."

"Alipewa mji?"

Nikageuka kuangalia mlango wa darasa.

"Mwalimu, nakuuliza. Alipewa mji?"

"Ndiyo."

Akakaa kwenye benchi la watoto, magoti juu. Hakuhitaji kuuliza mji gani. Mrundi yeyote aliyelelewa na vitendawili anajua mtoto akipewa mji anaufanyia nini.

"Na yule mtu, ulimjibu?"

"Nilimpa hongera," nikasema.

Alicheka. Siyo kicheko cha furaha, ni kile kinachotoka chenyewe mtu akiishiwa nguvu. "Ulimpa hongera," akarudia. "Mungu wangu. Miaka mitatu, mwalimu. Nyumba nne. Njo kwanza alikuwa ameanza kulala mwenyewe."

"Nisamehe."

"Wewe ni mtu muzuri. Sijasema wewe ni mubaya." Akatoa simu, akapiga namba aliyoikariri, akaongea Kiswidi cha haraka, kikavu, cha mtu aliyewahi kupiga simu hiyo kabla.

Kumbe ile alama ndogo kwenye orodha yangu haikuwa ya picha tu. Anwani yao ilifichwa na serikali. Mikael alijua. Aliponieleza ofisini mwake alikuwa mweupe kama karatasi. Akafungua yale maagizo ya semina, akayapitia na kalamu. Uso hakuna. Jina hakuna. Ruhusa ya mkuu ipo, ya kwake mwenyewe.

"Ulifuata kila kitu, Gratien," akasema. "Sote tulifuata kila kitu."

Nikamuuliza, "Ulipoipitia ile video, ulielewa mtoto alisema nini?"

Akaweka kalamu chini. Na mimi sikuwa na haki ya kumbana, maana aliyeelewa kila neno nilikuwa mimi. Nilikuwa natazama dari, naangalia kama kuna uso.

Saa kumi na moja na nusu gari lilikuja, la kawaida tu, na wanawake wawili wa ustawi wa jamii. Hawakurudi nyumbani kwao Rissne hata kuchukua nguo. Polisi walituma mtu kule kwenye mlango wa kijani. Baadaye Mikael alinidokeza kwamba siku ile ile jirani alimwona mwanaume kasimama karibu na duka la maua na simu sikioni, anasikiliza tu, haongei. Huenda alikuwa yeye. Huenda ni mtu aliyekuwa anamsubiri mkewe. Sikuwahi kuambiwa zaidi.

Nala alikuwa ameshika mkono wa mama yake. Kabla hajaingia garini aligeuka.

"Mwalimu," akasema, safari hii kwa Kiswahili. "Ni mimi niliyepokea mji."

Nikafungua mdomo nimwambie hapana, mwanangu, siyo wewe. Lakini mmoja wa wale wanawake alikuwa tayari anafunga mlango, na ulipofungwa vioo vilikuwa vyeusi. Nilibaki nimesimama kwenye maegesho na koti halijafungwa.

Nilisema neno hilo gari likiwa limeshaondoka. Walisikia ndege wa shuleni.

Kuanzia hapo nimehangaika, lakini kuhangaika kwenyewe hakuna njia. Niliandika barua ya kumwambia yule mtoto hana kosa. Mikael akaipeleka anakojua yeye, ikarudi: haiwezekani kufikishwa. Niliuliza ofisi moja, wakanielekeza nyingine, ile nyingine ikaniambia kwamba hata kunithibitishia kuwa mtoto huyo yupo hawawezi. Na wako sahihi! Hilo ndilo linalokata maini. Kila aliyenifungia mlango alikuwa anafanya kazi yake vizuri, kazi ambayo mimi niliikosea.

Darasa langu la Vällingby lipo. Wako saba. Video iliyomfukuza Nala ndiyo iliyolijaza.

Sasa sikilizeni lililotokea mwaka huu.

Tumekaa sebuleni, Bella anakunja nguo, mimi nimelala kwenye kochi napitisha video tu. Ikapita video ya darasa. Mahali sipataji. Kamera inaonyesha viatu vya watoto chini ya meza, viatu vya theluji, vya rangi rangi. Watoto wanategeana vitendawili.

Nikasikia sauti. Nzito kidogo. Meno yameota, ule upepo haupo tena, lakini ilikuwa ni yeye. Nilikaa wima.

"Kitendawili!"

"Tega!"

Akatega. Kipya, kizuri kuliko kile. Wenzake wakabahatisha, wakashindwa, wakaanza kupiga kelele wote kwa pamoja: "Tunakupa mji! Tunakupa mji!" Mmoja akautaja.

Viatu viwili vyekundu vikarudi nyuma, chini ya kiti.

"Mimi sichukui mji," sauti ikasema. "Fikirini tena."

"Lakini ndiyo sheria!"

"Mimi sichukui."

Chini, mwalimu wake kaandika na vicheko: "Huyu ana sheria zake mwenyewe!"

Watu elfu mbili walikuwa wameshaitazama. Komenti ya kwanza kabisa ilikuwa ya mama mmoja mtu mzima, na maua kwenye picha yake: "Mashallah, sauti tamu! Mtoto wa nani huyu?"

Bella aliacha nguo. "Gratien, una nini? Umekuwaje?"

Nilimwandikia yule mwalimu faraghani. "Mwalimu mwenzangu, nakuomba ufute video ya leo. Sasa hivi. Usiniulize sababu."

Alijibu haraka, na kwa upole. "Samahani kaka, sikufahamu. Mkuu wangu ameikubali, nyuso hazionekani. Kwani unamjua mtoto aliyetega? Ni mtoto wa nani?"

Kulikuwa na nafasi moja tu ya kumfikishia Nala neno langu, na ilikuwa hapo, chini ya kidole changu. Mwambie siyo yeye. Maneno matatu tu. Lakini nikiandika namjua, basi nimemtaja, na huyo mwalimu atamuuliza mtoto, na mtoto atajua amesikika tena, na wataita gari tena.

Nikaandika: "Sijui."

Kisha nikaongeza: "Simjui. Futa tu, nakusihi."

Alisoma. Hakujibu.

Asubuhi nilipofungua, ukurasa wote ulikuwa umetoweka. Hakuna video, hakuna mwalimu, hakuna viatu. Ama amefuta, ama ameniblok tu mimi, kichaa aliyemwandikia, na video inaendelea kutembea.

Bella alininyooshea simu yake. "Angalia kwa kutumia yangu, basi utulie."

Nikaisukuma. Nikitafuta kwenye simu ya pili, simu mbili zinakuwa zimeujua ule mji. Mpaka leo sijaangalia, na sijui.

Walimu wenzangu, ile karatasi ya semina si mbaya, ibandikeni. Ila kabla hujabonyeza, funga macho usikilize. Sisi watu wetu hatutambuani kwa sura. Tunatambuana kwa sauti, kwa ukoo, kwa chakula, kwa mji. Na mtu asiye na picha akikujibu sahihi kupita kiasi, usimpe hongera. Mzazi akikwambia hapana, isikuishie kwenye kamera.

Majina yote nimebadilisha, likiwemo la kwangu. Rissne si Rissne na mchi si mchi. Kwa hiyo msije kwenye komenti kuniuliza ni mtoto wa nani, kwa sababu hilo nimeshajifunza kulijibu.

Na wewe mwenye viatu vyekundu, kama siku moja utapita hapa, utajijua. Ule mji hukuupokea wewe. Niliutoa mimi.